Hamira Nayo Huzeeka: Maswali Kuhusu Uzee wa Viumbe vya Seli Moja

Nafundisha biolojia sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye amiba na hamira, lazima kuna mwanafunzi wa viti vya nyuma anayenyoosha mkono na kuuliza lile lile: "Mwalimu, hawa wanakufa lini?" Yafuatayo ndiyo maswali yanayonijia mara nyingi, darasani na nje ya darasa. Yenye jibu fupi nimeyajibu kwa ufupi.

Amiba akijigawa, nani amekufa?

Hakuna aliyekufa, wala hakuna maiti ya kuzika. Alikuwepo mmoja, sasa wapo wawili na wote wanatembea. Jambo hilo ndilo lililomfanya mwanabiolojia Mjerumani August Weismann, katika miaka ya 1880, aseme kwamba viumbe vya seli moja havina kifo cha uzee. Kwa maoni yake, kifo cha namna hiyo kiliingia duniani pamoja na mwili wenye seli nyingi, mwili unaoachwa nyuma baada ya mbegu kuvuka kwenda kizazi kingine.

Hoja ilikuwa nzuri, ila ilisimama juu ya jambo ambalo halikuwa limepimwa: kwamba wale wawili wako sawa. Mara nyingi hawako sawa. Seli inapogawanyika hugawa mirathi, na mirathi ina mali na ina madeni. Madeni ni protini zilizoharibika, vipande vya DNA visivyo na kazi, vifaa vya ndani vilivyochakaa. Ukitaka kujua mzee ni yupi kati ya wawili, uliza madeni kayabeba nani.

"Kuzeeka" kuna maana gani kwa kitu kisicho na mvi wala mikunjo?

Huangaliwa mambo mawili: uwezo wa kuzaa unashuka kadiri umri unavyopanda, na uwezekano wa kufa unaongezeka. Seli iliyouawa na maji ya moto haikuzeeka, kama vile simu iliyotumbukia kwenye ndoo haikuharibika kwa uzee. Lakini betri iliyokuwa ikikaa na chaji kutwa nzima, na sasa inazima saa nane mchana, hiyo imezeeka.

Umri nao hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu seli imezaa mara ngapi. Ya pili ni kuhesabu siku ambazo seli iliyoacha kugawanyika inaweza kukaa ikiwa bado hai. Watu huzichanganya, wakabishana bure.

Ilijulikanaje kwamba hamira huzeeka?

Kwa uvumilivu wa kupindukia. Hamira tunayoumulia maandazi, *Saccharomyces cerevisiae*, haikatiki katikati. Huchipua. Kwenye ubavu wa seli mama hutokea kijinundu, kinakua, kinapewa kiini chake, na baada ya kama saa moja na nusu kinaachia. Binti anatoka akiwa mdogo kuliko mama, kwa hiyo ukitazama kwa hadubini wakati huo unajua nani ni nani. Pale alipoachia panabaki kovu, pete ya kitu kigumu cha jamii ile ile ya gamba la kaa na panzi. Kovu hilo halifutiki. Kuna rangi ya maabara inayong'ang'ania hapo na kung'aa chini ya mionzi ya urujuanimno, na ukiitumia unaweza kuhesabu uzazi wa seli moja kama mkunga anavyosoma kadi ya kliniki.

Mwaka 1959 Robert Mortimer na John Johnston wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kipimo cha kwanza cha maana. Waliiweka seli moja kwenye kipande cha agari, ule ute mgumu wa kukuzia vijidudu maabara, na kila binti alipozaliwa walimsogeza pembeni kwa sindano nyembamba, huku wakitazama kwa hadubini. Wakahesabu. Wastani wa mama mmoja ulikuwa mabinti ishirini na kitu, kisha basi. Na hawakukatika ghafla: mizao ya mwisho ilichukua saa nyingi badala ya moja na nusu, na mama alikuwa amevimba.

Njia hiyo ya sindano ilitumika kwa miongo mingi baadaye. Usiku sahani huingizwa kwenye friji ili seli zisimame na mtafiti naye alale, asubuhi zinatolewa na kazi inaendelea. Jaribio moja linakula wiki kadhaa za mtu ameinamia lenzi.

Kwa nini ilibidi kuteseka hivyo? Kwa sababu wazee ni wachache mno. Katika hamira inayokua vizuri, nusu ya seli zimezaliwa sasa hivi, robo zimezaa mara moja, moja ya nane mara mbili, na kuendelea. Seli yenye makovu 20 ni kama moja katika milioni mbili. Unaweza kuumua unga maisha yako yote usikutane na bibi hata mmoja.

Mabinti wanazaliwa wakiwa na umri wa mama?

La, wanaanza sifuri. Ila mabinti wa mwisho wa mama aliyechoka sana huishi muda mfupi kuliko dada zao. Kizuizi kati ya mama na binti huanza kuvuja uzeeni.

Kwa hiyo makovu ndiyo yanayomuua?

Hapana. Wazo hilo lilikuwepo mwanzoni, kwamba ngozi ya seli inajaa makovu mpaka inakosa nafasi. Lakini mama mzee bado ana eneo kubwa tupu, na isitoshe amevimba. Kovu ni daftari la mahudhurio tu.

Basi kinachomzeesha ni nini?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana majibu yalikuja kwa zamu na kila kundi lilidhani lake ndilo.

Mwaka 1997 David Sinclair na Leonard Guarente, wakiwa MIT Marekani, walionyesha mkosaji wa kwanza. Hamira ina sehemu kwenye kromosomu ya 12 ambapo maelekezo ya kutengeneza ribosomu, vile vinu vya protini, yamerudiwa mara mia moja hadi mia mbili mfululizo. Maandishi yaliyorudiwa hivyo huponyoka kirahisi. Nakala moja ikichomoka hujifunga na kuwa duara dogo la DNA linaloelea ndani ya kiini. Duara hilo linajinakili kila seli inapojiandaa kuzaa, lakini halimfuati binti. Linabaki kwa mama. Moja linakuwa mawili, mawili manne, hadi mama mzee anabeba mamia. Jeni iitwayo SIR2 hutuliza sehemu hiyo isichomoke ovyo. Mwaka 1999 maabara ya Guarente ilionyesha kwamba kuiongezea hamira nakala moja zaidi ya SIR2 kunarefusha maisha yake, na kuiondoa kunayafupisha.

Kisha mwaka 2003 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, wakaonyesha kwamba hata protini zilizoharibiwa na oksijeni hubaki upande wa mama wakati wa kuzaa. Si kwa bahati mbaya: seli hutumia nguvu kuzizuia zisivuke. Ukiharibu mfumo huo, binti anazaliwa na uchafu.

Mwaka 2012 Adam Hughes na Daniel Gottschling, Seattle, walitazama vakyuoli, ule mfuko wa ndani wenye asidi ambamo seli huozesha na kuhifadhi vitu. Asidi ya mama inaanza kupungua mapema sana, akiwa bado na nguvu za kuzaa. Ikipungua, mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, zinafuata kuharibika. Vakyuoli ya binti inapata asidi yake upya.

Mimi sioni haja ya kutafuta mchawi mmoja. Ukiyapanga haya yote mezani, yanafanana katika jambo moja: kila kibaya kinabaki na mama. Ni kama mama anayekula ukoko wa sufuria ili watoto wapate wali mweupe. (Najua wapo wanaoupenda ukoko. Mfano wangu una mipaka.)

Kwa nini seli isigawe uchafu nusu kwa nusu? Si ndiyo haki?

Haki itaua ukoo. Chukulia kila seli inaokota uchafu kidogo kila siku. Ukigawanywa sawa na ukawa unaingia haraka kuliko unavyoondolewa, kila kizazi kinaanza kikiwa kichafu kuliko kilichopita, mpaka wote wanazama pamoja. Ukirundikwa kwa mmoja, yule mwingine anaanza safi, na ukoo unaendelea bila kikomo ingawa hakuna mmoja ndani yake asiye na kikomo.

Sehemu ya pili ya jibu ni hesabu. Mama akishazaa mara 10, na mabinti wakawa nao wanazaa kwa kasi ile ile, ukoo wake una seli 1,024. Yeye ni mmoja kati ya hao. Akifa kesho, ukoo unapoteza chini ya sehemu moja katika elfu ya nguvu zake. Porini, kwenye tunda lililopasuka, sukari huisha au mdudu anapita kula kabla seli nyingi hazijafika hata mizao kumi. Uteuzi wa asili hauwezi kumhurumia mtu ambaye karibu hayupo. Hoja hii, kwamba nguvu ya uteuzi hufifia kadiri umri unavyosonga, iliwekwa wazi na Peter Medawar mwaka 1952 akiwafikiria wanyama. Mwaka 1977 Thomas Kirkwood akaongeza upande wa gharama: kukarabati kunakula chakula na nishati, na kilichotumika kukarabati hakitumiki kuzaa. Kiumbe hukarabatiwa kiasi cha kutosha, si zaidi.

Ni kweli kuna hamira ya kisayansi yenye jina la Kiswahili?

Ndiyo, na hili huwa naliandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Schizosaccharomyces pombe*. Mjerumani Paul Lindner aliielezea mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina la kinywaji chenyewe. Neno "pombe" leo linatamkwa, kwa lafudhi za ajabu, katika maabara za dunia nzima. Paul Nurse alipata Nobeli mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi aliyoifanya kwenye kiumbe hiki kuhusu jinsi seli inavyoamua kugawanyika. Kusema kweli ukoo unaotumika maabara nyingi haukutoka kwenye kibuyu cha huku; ulitoka kwenye zabibu za Ulaya. Jina ndilo letu.

Tofauti na hamira ya maandazi, *pombe* ni kijiti kinachokatika katikati, kama muhogo uliopigwa kisu. Vipande viwili vinalingana. Je, kinazeeka?

Mwaka 2013 kundi la Miguel Coelho na Iva Tolić huko Dresden liliwafuatilia mmoja mmoja. Katika mazingira mazuri hawakuona dalili za uzee. Seli zilikufa mara moja moja, lakini bila kutanguliwa na kuchoka, na aliyekatika mara nyingi hakuwa katika hatari zaidi ya aliyezaliwa leo. Wakaongeza joto na sumu. Hapo protini zilizoharibika zikakusanyika kuwa bonge, na bonge haligawanyiki: likaenda kwa mmoja. Aliyelirithi akaanza kuchelewa, kisha akafa. Mwenzake akaendelea kama kawaida.

Katika majaribio yote ninayowasimulia wanafunzi, hili ndilo ninalolipenda. Kiumbe kile kile, jeni zile zile, kinazeeka au hakizeeki kutegemea mzigo wa uharibifu. Shida ikizidi ndipo mirathi inagawanywa bila usawa.

Na bakteria?

Walioonyesha kwanza ni wa jamii ya *Caulobacter crescentus*, bakteria wa maji baridi mwenye kikonyo anachojishikizia nacho. Anayezaliwa huogelea kwenda zake, mwenye kikonyo hubaki. Mwaka 2003 Martin Ackermann na wenzake huko Basel walimtazama aliyebaki kwa mamia ya saa, wakaona uzazi wake unapungua.

*E. coli* ni kesi yenye mabishano. Ana umbo la kijiti na anakatika katikati, kwa hiyo anaonekana sawa pande zote. Lakini fikiria: kila anapokatika, ncha mbili mpya zinatengenezwa pale katikati. Kila mtoto basi ana ncha moja mpya na moja ya zamani, na kuna mmoja ambaye ncha yake imepitia vizazi vingi kuliko za wengine. Mwaka 2005 kundi la Eric Stewart na François Taddei, Paris, lilipiga picha za seli 35,049 na kuona kwamba wenye ncha kongwe wanakua polepole kidogo. Baadaye ikaonekana kwamba mabonge ya protini mbovu hukaa huko huko kwenye ncha kongwe.

Halafu mwaka 2010 watafiti wa Harvard wakawafungia hao bakteria kwenye vichochoro vyembamba vilivyozibwa upande mmoja, ncha kongwe ikiwa imebanwa mwisho wa kichochoro, wakawalisha kwa mamia ya vizazi. Kasi ya kukua haikushuka. Kilichopanda ni uwezekano wa kufa. Kwa kipimo kimoja hazeeki, kwa kingine anazeeka. Ndiyo maana nilisema juu kwamba ujue kwanza unapima nini.

Paramesiamu tunaowachora kwenye daftari wanazeeka?

Wanazeeka kama ukoo, na kisa chake kina mtu mmoja ninayempenda. Émile Maupas alikuwa mkutubi mjini Algiers, Algeria, si profesa. Katika miaka ya 1880 alifuga viumbe wa jamii hii kwenye vioo vyake, akawahesabia migawanyiko, na kuandika kwamba wasipojamiiana baada ya mamia ya vizazi wanadhoofika na kutoweka. Lilikuwa pigo kwa Weismann.

Kisha Lorande Woodruff wa Yale akaanza mwaka 1907 na paramesiamu mmoja, akawatenganisha watoto kila siku wasikutane, na kufikisha zaidi ya vizazi 11,000. Weismann akaonekana ameshinda. Lakini mchezo haukuwa umeisha. Ilikuja kugundulika kwamba paramesiamu wa aina hiyo, akikosa mwenza, hujipevusha mwenyewe: anatupa kiini kikubwa cha zamani na kutengeneza kipya. Woodruff aliwazuia wasikutane, hakuwazuia wasijifanyie peke yao. Tracy Sonneborn alipochapisha mwaka 1954 majaribio ya kuzuia hilo nalo, ukoo wote ulikufa baada ya migawanyiko mia kadhaa.

Siri iko kwenye viini viwili. Kidogo kinatunza nakala safi ya urithi. Kikubwa ndicho kinachoendesha kazi za kila siku. Kina mamia ya nakala za jeni na hukatwa kwa makadirio tu. Paramesiamu ana nakala ya kabatini na nakala ya jikoni, na ya jikoni inachakaa.

Telomea je? Si ndizo zinazozeesha seli?

Kwa hamira, kwa kawaida hapana. Telomea, zile ncha za kromosomu, zilisomwa kwanza kwa kina kwenye kiumbe cha seli moja, *Tetrahymena*, na Elizabeth Blackburn na Joseph Gall mwaka 1978. Hamira ina kimeng'enya cha kuzirefusha kinachofanya kazi siku zote. Ukikiondoa kwa makusudi ukoo unafifia na karibu wote wanakufa, lakini huo si uzee wa mama tuliouzungumzia.

Uzee wa seli unaweza kufutwa?

Hamira inafanya hivyo bila msaada wetu. Ikikosa nitrojeni, seli yenye kromosomu jozi hujigawa na kuwa spora nne, yaani seli za kuvumilia shida, ndani ya mfuko mmoja. Mwaka 2011 Elçin Ünal na Angelika Amon wa MIT waliwachukua wazee, wakawalazimisha watoe spora, na spora hizo zikaishi umri kamili kama za vijana. Walipowasha kwa muda mfupi jeni moja ya mchakato huo, NDT80, ndani ya mama mzee ambaye hatoi spora, maisha yake yakarefuka. Uchafu ule unaotajwa kama hauondoki, kumbe unaondoka seli ikiamua.

Hamira ikipunguziwa sukari huishi zaidi. Na mimi nipunguze?

Ukishusha glukosi ya chakula chake kutoka asilimia 2 hadi 0.5, mama huzaa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Njia mojawapo inayohusika ni protini ziitwazo TOR, zilizogunduliwa kwenye hamira mwaka 1991 huko Basel kwa kutumia rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Binadamu nao wana TOR. Lakini kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kwenye kidonge cha kurefusha maisha ni safari ndefu, na anayekuuzia kidonge hicho leo mtandaoni ameruka vituo vingi. Sukari ipunguze kwa sababu daktari amekwambia.

Hamira iliyokaa kabatini tangu Ramadhani iliyopita imezeeka?

Kwa ule uzee wa siku, ndiyo. Seli zimekuwa zikifa kidogo kidogo ndani ya pakiti. Ipime: kijiko cha chai cha hamira, sukari kidogo, maji ya vuguvugu, subiri dakika kumi. Isipotoa povu, usiharibu unga.

Naweza kuona haya kwa hadubini ya shule?

Makovu hutayaona bila ile rangi na taa yake. Mama na binti utawaona vizuri. Chukua hamira hiyo yenye povu, izimue mpaka maji yawe kama maji ya mchele, dondosha tone moja, funika, tumia ukuzaji wa mara 400. Utaona vimviringo vilivyorefuka kidogo, vingine na kichwa kidogo kimebandikwa ubavuni, vingine vitatu kwa mnyororo. Sogeza skrubu ndogo taratibu, maana vinaelea juu na chini.

Ukiwa na rangi ya bluu ya methilini, weka tone dogo sana. Seli hai huivunja rangi na kubaki nyeupe. Zilizokufa hugeuka bluu. Mwaka jana kikundi kimoja darasani kwangu kilipata bluu tupu, wakafurahi kwamba wamekutana na wazee. Nikaingiza kidole kwenye kikombe chao cha maji ya vuguvugu nikakitoa haraka.